Maswali ya Pembeni: Niliyoyajua Baada ya Kutangazwa Muflisi

Tangu jina langu litoke kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, nimekuwa mtu wa kuvutwa pembeni. Iwe matangani, nje ya kanisa au kwa kinyozi, mtu ananigusa kiwiko, anatazama nyuma yake kwanza, halafu ananong'ona: "Mzee, ile njia uliyopitia wewe, mtu anaweza kuipitia na abaki na vitu vyake?" Wanaoniuliza hivyo si walevi wala wacheza kamari. Ni walimu, wenye matatu, mama mwenye duka la jumla, na hata mhasibu mmoja ambaye kazi yake ni kuwakagulia wengine hesabu. Karibu wote huanza na jela, kisha sofa. Lile swali litakalowanyima usingizi baadaye hawaliulizi mpaka niliulize mimi.

Mimi si wakili. Nilikuwa na duka la spea za matatu Kirinyaga Road, Nairobi, springi na bushi na kilachi za Isuzu, na biashara ilinilipia karo ya watoto na ploti moja Joska. Machi 2020 kafyu ikaingia, abiria wakapunguzwa kwenye magari, na gari lililoegeshwa halivunji springi. Nilikuwa na mkopo wa benki uliofungwa kwa hati ya ploti, mkopo wa Sacco wenye wadhamini watatu, mali niliyopewa kwa mkopo na muuzaji wa jumla, deni la shailoki, yaani mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, na mikopo ya simu iliyokuwa ikizaana kila wiki. Jumla ilikaribia milioni 4. Muuzaji wa jumla ndiye aliyenitangulia kortini na kupata hukumu.

Hapo ndipo jela inapoingia, kwa hiyo tuanze nayo kama wanavyoanza wote.

Kenya bado ina kile tunachokiita jela ya madai. Mwenye hukumu yake anaweza kuiomba korti ikutake ueleze kwa nini usifungwe kwa kutolipa, na ukishindwa kueleza, sheria ya mashtaka ya madai inaruhusu ukae ndani hadi miezi 6. Jambo ambalo watu hawalijui, na ambalo lilimfanya mke wangu acheke kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi, ni kwamba anayekudai ndiye anayelipia chakula chako huko ndani. Akiacha kulipa, unaachiliwa. Ndiyo maana wadai wengi hutishia sana na kufunga kidogo.

Lakini kuna zaidi ya hapo. Mwaka 2010, Martha Koome akiwa Jaji wa Mahakama Kuu, kabla hajawa Jaji Mkuu, alikataa mdaiwa aliyekuwa ameomba kutangazwa muflisi afungwe kwa ajili ya deni. Alitegemea kifungu cha 11 cha mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, kinachokataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Mwaka 2012 Mahakama Kuu iliiweka sawa zaidi: jela ya madai haijafutwa, ila ni ya mwenye uwezo anayekataa kulipa au anayeficha mali. Asiye nacho hafungwi kwa kutokuwa nacho. Kwa hiyo ukiniuliza kama utafungwa, mimi nitakuuliza kama una pesa mahali ambazo hutaki zijulikane. Jibu lako ndilo jibu langu.

Sofa sasa. Madalali walifika kwangu Umoja asubuhi, wawili, na karatasi yenye kaboni. Hawakubeba kitu siku hiyo. Waliandika: televisheni, friji, sofa ya viti saba, meza ya kioo, redio. Mmoja alifungua mlango wa chumba cha kulala, akaona kitanda, akaufunga. Baada ya hapo una siku 7 za kulipa kabla hawajarudi na gari. Alipofika jikoni, mke wangu alisimama mbele ya sufuria kama mlinda lango, na yule dalali akamwambia kwa upole, "Mama, hizo haziguswi." Alisema kweli. Sheria inakinga nguo, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa, mkewe na watoto wake, na vilevile zana za kazi anayofanya mtu. Mshahara nao hauliwi wote; sehemu 2 kati ya 3 hazifikiwi na mdai. Cherehani ya mke wangu waliiandika, kisha wakaifuta alipowaonyesha risiti yenye jina lake. Deni langu halikuwa lake, na hakuwa ametia sahihi popote. Wengi wanaoniuliza kuhusu sofa hawajui wake zao walitia sahihi wapi. Waulizeni leo.

Baada ya madalali ndipo nilipokwenda kwa wakili. Nilifika na wazo kwamba kufilisika ni kitu kimoja: unakwenda, unalia, unafutiwa. Aliniambia Sheria ya Ufilisi ya 2015, iliyokuja kuiondoa ile ya wakati wa ukoloni, ina milango kadhaa, na kutangazwa muflisi ni mmoja tu, tena si wa kwanza kujaribiwa.

Kuna mpango wa hiari, ambapo unawaita wadai wako chini ya msimamizi mwenye leseni, mnakubaliana walipwe vipi, na Mahakama Kuu inatoa amri ya muda ya kuwazuia wasikuvamie mkiwa mezani. Huo unahitaji uwe na kitu cha kuahidi. Kuna amri ya kulipa kidogo kidogo, inayotolewa na Mpokeaji Rasmi, ofisa wa serikali anayesimamia mambo haya ya ufilisi: unalipa kwa awamu katika miaka 3, au hadi 5 kukiwa na sababu maalumu, na wadai wanakaa mbali. Huo unafaa mwenye mshahara. Mimi ningekuwa na kipato cha kueleweka, ningeuchukua huo bila kufikiri mara mbili. Na kuna utaratibu wa asiye na mali kabisa, kwa mwenye madeni yasiyopungua shilingi 100,000 na yasiyozidi milioni 4, ambaye hajawahi kuutumia wala kutangazwa muflisi, na unaisha kwa miezi 12. Nilipousikia huo niliruka. Wakili akauliza, "Na ploti ya Joska?" Nikakaa chini tena. Iko benki, lakini jina ni langu.

Ukishapita hapo unabakiwa na mlango mkubwa: kuiomba Mahakama Kuu wewe mwenyewe ikutangaze muflisi.

Kabla hatujaandika chochote alitaka aone barua za benki. Huko nikajifunza jambo ambalo peke yake lilistahili ada ya wakili. Sheria ya Benki, kifungu cha 44A, inasema mkopo ukishaanza kuharibika, riba ya benki haiwezi kupanda ikapita kiasi cha deni la msingi lililokuwepo siku hiyo. Laki 8 inaweza kuwa milioni 1.6, si milioni 3. Kuna watu wanatembea Nairobi hii wakikimbia deni ambalo nusu yake halipo kisheria. Kifungu hicho kinahusu taasisi zilizo chini ya sheria hiyo ya benki, kwa hiyo shailoki wa River Road hakimfikii, ingawa naye unaweza kumpeleka mbele ya hakimu aeleze riba yake ilikotoka. Wengi wao hawapendi safari hiyo.

Halafu tukaandika taarifa ya hali yangu ya kifedha. Hii ndiyo kazi yenyewe, mengine ni mihuri. Unaorodhesha kila unayemdai na kila anayekudai, kila kitu unachomiliki, kila akaunti, ulichouza karibuni na ulimuuzia nani, kisha unaapa mbele ya kamishna wa viapo kwamba ni kweli. Wakili alikuwa na penseli nyekundu. Nikisema "vitu vya nyumbani", anaandika "vipi?" pembeni. Nikisema "mali kidogo dukani", anauliza springi ngapi, za gari gani, bei ya kununua au ya kuuza. Nilirudi Kirinyaga Road na daftari, duka likiwa limefungwa nusu, nikahesabu bushi moja moja sakafuni huku jirani wa mbele akidhani nafungua upya. Mikopo ya simu niliitaka kuiacha kwa aibu, maana mingine ilikuwa ya elfu mbili tatu. Wakili alikataa. Deni usiloliandika linaweza kukurudia, na aliyeachwa nje ya orodha ndiye anayesimama kortini kusema huyu mtu ni mwongo.

Mikopo hiyo ya simu, niseme tu kwa haraka, ndiyo iliyoniumiza kuliko milioni za benki. Wakati huo waliokuwa wakikopesha kwa simu hawakuwa chini ya Benki Kuu. Kanuni zao zilikuja 2022. Walimpigia mchungaji. Walimpigia mwalimu wa darasa la mtoto. Leo jambo hilo linakatazwa, na unaweza kulalamika Benki Kuu au kwa Kamishna wa Data. Wakati ule ulikuwa unazima simu tu.

Gharama hazikosekani. Kuna ada ya kufungua kesi, pesa ya kuweka kwa Mpokeaji Rasmi, tangazo la gazeti, na wakili. Shemeji yangu alisema hajawahi kuona mtu akichanga pesa ili athibitishiwe hana pesa. Ilibidi nicheke, maana yeye ndiye aliyechangia nyingi.

Kesi ilifunguliwa kwa mtandao, kama ilivyo lazima Nairobi tangu Julai 2020, katika kitengo cha biashara na kodi cha Mahakama Kuu, Milimani. Nilikuwa nimepiga pasi suti. Siku yenyewe nikaketi mezani kwangu, simu imeegemea kopo la sukari, nikasikiliza kampuni zikigombania mamia ya mamilioni, mpaka likatajwa jina langu. Jaji aliuliza kama tangazo limetoka gazetini na kama kuna mdai anayepinga. Wakili wa muuzaji wa jumla akawasha kamera. Alikuwa anapinga: alisema mali imehamishiwa duka la ndugu yangu.

Hapo ndipo lile daftari la bushi lilipolipa. Ndugu yangu ana duka kweli, Kirinyaga Road hiyohiyo, na anauza springi za aina ileile. Tulileta risiti zake za ununuzi na orodha yangu ya kuhesabiwa. Korti ikataka ripoti ya mali yangu kwanza. Na si kila ombi linakubaliwa. Jaji anaweza kukataa akiona una njia nyingine ya kulipa, au kwamba unatumia korti kukwepa hukumu ya mtu mmoja. Ripoti ilipokuja safi, amri ikatoka.

Kuanzia siku hiyo simu zilinyamaza. Hilo watu huniuliza wakiwa na matumaini makubwa, na ni kweli: amri ikishatoka, wadai wa kawaida hawawezi kukushtaki wala kuendelea na kesi bila ruhusa ya korti. Wanapeleka madai yao kwa msimamizi wa ufilisi, na mali yako, ile isiyokingwa, inahamia mikononi mwake ili igawanywe. Sofa ilikwenda. Boksi langu la spana lilibaki, maana nilikuwa nimeanza kufanya kazi ya fundi na sheria inakuachia zana za kazi na vitu vya lazima vya nyumbani kwa thamani iliyowekwa.

Benki haikunyamaza. Mwenye dhamana yake mkononi hangoji foleni. Iliendelea na ilani zake za sheria ya ardhi, siku 90, kisha 40, kisha dalali na siku zake 45, ikaiuza ploti. Ilipouzwa haikutosha deni, na upungufu ule ndio uliokwenda kuungana na madeni mengine kwa msimamizi. Kwa hiyo mtu akiniuliza, "Nikifilisika watachukua nyumba?", namuuliza hati iko wapi. Ikiwa benki, kufilisika hakukuokolei nyumba hata siku moja. Ongea na benki.

Swali jingine la kudumu, hasa kwa sisi tuliotoka mashambani, ni shamba la baba. Baba akiwa hai, shamba ni lake, si mali yako, hata kama alishakuonyesha mpaka kwa kidole. Lakini akifariki ukiwa bado chini ya amri, ukarithi, urithi huo unaingia kwa msimamizi kama mali nyingine yoyote unayoipata kabla hujaachiliwa. Nilimweleza mzee wangu hivyo kijijini Murang'a. Alinitazama kitambo, akasema, "Basi nitajitahidi." Ameniweka deni la aina nyingine.

Maisha ya muflisi ni ya kuomba ruhusa. Hufungui biashara bila idhini ya msimamizi. Huwi mkurugenzi wa kampuni bila korti. Hukopi pesa ya maana bila kumwambia anayekukopesha kwamba wewe ni muflisi. Huwezi kugombea ubunge wala udiwani wa kaunti; Katiba imesema wazi, jambo ambalo halikunipunguzia usingizi. Kuvuka mpaka wa Namanga kwenda arusi ya binamu ilibidi niandike barua. Nilikuwa nimeajiriwa gereji, na kila nikiongezewa kitu, msimamizi anapaswa kujua, kwa sababu kipato kinachozidi mahitaji ya familia kinaweza kutakiwa. Si kifungo, lakini si uhuru pia. Mtu wa kiburi ataumia zaidi ya mtu maskini.

Sasa lile swali.

Mkopo wa Sacco ulikuwa na wadhamini watatu: mwalimu mstaafu jirani yangu, dereva mmoja wa stendi, na shemeji yuleyule. Karibu kila mtu anayenivuta pembeni ana mkopo wa Sacco, na Sacco ni wadhamini. Huuliza kuhusu jela yake, kitanda chake, jina lake gazetini. Hakuna anayeuliza: nikifutiwa mimi, aliyenitilia sahihi anabaki wapi?

Anabaki palepale. Sheria inasema kuachiliwa kwa muflisi hakumwachilii mdhamini wake wala mshirika wake wa deni. Sacco ilikata kwanza akiba yangu, ikamalizika, kisha ikageukia akiba zao. Amri iliyonizimia simu haikuwazimia wao.

Wakili aliniambia niende kuwaona kabla ya kufungua kesi, si baada. Hakuna kifungu kinachokulazimisha. Nilienda kwa mwalimu jioni. Alikuwa anasahihisha kitu, ingawa alistaafu zamani; nadhani ni daftari la mjukuu. Nikaamkia, nikaketi, nikasema, "Mwalimu, nimekuja kukuambia kabla hujaambiwa na Sacco."

"Unaniambia au unaniomba?"

"Nakuambia. Sina la kukuomba."

Akaweka kalamu chini. Aliuliza kiasi gani kitamwangukia, nikamtajia. Aliuliza kama nimeandika jina lake kwenye makaratasi ya korti. Nikasema ndiyo, kama mtu atakayenidai akishalipa. Hilo lilimshangaza, na ni jambo la kujua: mdhamini aliyelipa anasimama mahali pa Sacco, na anaweza kupeleka dai lake kwa msimamizi kama mdai mwingine. Asitarajie mengi; mali yangu ilipogawanywa, kilichomfikia kila mmoja hakikutosha karo ya muhula. Lakini ni haki yake, na asipoambiwa atakaa nyumbani akikulaani wakati muda wa kuwasilisha madai unapita.

Dereva alitukana, kisha akanisalimia kesho yake. Shemeji hakutukana, ila kwa muda mrefu alikuwa akija nyumbani nikiwa sipo.

Nilijaribu kumtumia mwalimu pesa kidogo kidogo kutoka mshahara wa gereji. Msimamizi alipoona kwenye taarifa ya M-Pesa, aliniita. Alikuwa mtu mpole lakini hapo hakuwa na mzaha: ukiwa muflisi humchagui mdai wa kumlipa kwa siri na kuwaacha wengine. Wote wamo kwenye kapu moja. Nikamwambia mwalimu ni jirani, nakutana naye kila asubuhi. Akasema ndiyo maana sheria ipo, kwa sababu muuzaji wa jumla hukutani naye.

Miaka 3 tangu kuwasilisha ile taarifa ya hali ya kifedha, unaachiliwa bila kuomba, isipokuwa mtu apinge. Hakuna aliyepinga. Yapo ambayo hayafutiki hata hapo: deni la ulaghai, na matunzo ya mke au watoto yaliyoamriwa na korti. CRB, ile ofisi inayotunza rekodi za wakopaji, nayo ina kalenda yake, na taarifa mbaya hukaa miaka 5, kwa hiyo kuachiliwa na korti si kukaribishwa na benki. Lakini deni la Sacco liliisha, na madai ya wadhamini wangu juu yangu yaliisha nalo. Kisheria, leo simdai mwalimu wala hanidai.

Ndiyo maana sasa naweza kumlipa. Baada ya kuachiliwa pesa ni zangu, na hakuna anayeniuliza namlipa nani. Wakili wangu aliniambia silazimiki. Nikamwambia yeye anaishi Kileleshwa, hakutani na mwalimu kila asubuhi.

Wiki iliyopita kijana mmoja mwenye pikipiki kadhaa za boda alinikuta gereji. Alikuwa ameshapanga: anaandikisha ploti yake ya Kamulu kwa jina la dada, kisha anaenda Milimani akiwa mikono mitupu, apate ule utaratibu wa miezi 12. Nikamwambia zawadi za namna hiyo zilizotolewa ndani ya miaka 2 kabla ya kufilisika zinaweza kurudishwa, kuficha mali ni kosa la jinai, na ule utaratibu ukigundulika umeupata kwa uongo unaondolewa na madeni yanarudi yote. Alisikiliza, lakini niliona bado anapiga hesabu kichwani. Kisha nikamuuliza ni nani alitia sahihi mkopo wake wa Sacco.

"Mama," akasema. "Na mama mdogo."

Tuliweka kando mambo ya ploti. Nikamwambia mkopo ambao haujaharibika kabisa unaweza kupangwa upya, na Sacco husikiliza zaidi mwanachama anayekuja mapema na hesabu mkononi. Pikipiki zake bado zinaingiza kitu, kwa hiyo amri ya kulipa kwa awamu inaweza kumfaa kuliko yote aliyoyasoma kwenye simu. Jumatatu anaenda Sacco, na nimemwambia aende na mamake, si aje kumsimulia baadaye. Wakili atafuata akishajua Sacco imesemaje.